Mhusika Mwingine

Hakuna aliyenigonga. Nianze na hilo,
maana kila anayekuja na maua na biskuti
huuliza kwanza, "Ni nani?"
macho yamemwiva, ulimi uko tayari kulaani.

Ni reli ya tramu, nasema. Ni mvua ya Novemba.
Ni mimi, saa moja na dakika kumi asubuhi,
naikata reli kwa mshazari wa uvivu pale Dampoort,
nikiwaza miwani ya Bwana De Clippele,
lenzi ya kushoto, kama niliipima sawa.
Gurudumu la mbele likazama kwenye ufa wa chuma
kama sarafu ndani ya kibubu,
nami nikaendelea na safari peke yangu.

Kuanguka sikukumbuki. Nakumbuka sauti:
tawi kavu, chini ya shingo, upande wa kulia.
Na mkate wangu ukibingirika hadi katikati ya njia,
na dereva wa tramu, mwanamke mwenye hereni za manjano,
akisimamisha tani zake zote
kwa ajili ya mkate.

Fomu ya bima ina kisanduku: Mhusika mwingine.
Nikaandika kwa mkono wa kushoto, hati ya chekechea,
Mvua.
Ikarudi. Tafadhali jaza jina kamili na anwani.

Mtulinga. Miaka arobaini na saba nimeubeba
bila kuuwaza hata siku moja.
Sasa nazijua kazi zake zote:
kuvaa sweta, kupiga chafya, kugeuka kitandani,
kumkumbatia mtu bila kumwonya kwanza.

Godelieve wa ghorofa ya chini aliniletea supu ya vitunguu,
akapandisha sketi hadi magotini, bila haya, themanini na mmoja yule.
"Hili la mwaka sitini na tatu, barafu.
Hili, mbwa wa mchinja nyama.
Na hili, marehemu mume wangu akinifundisha kuendesha."
Akalipapasa hilo la mwisho kuliko yote.
Supu ilikuwa na chumvi nyingi. Niliimaliza.

Wannes, wa mazoezi ya viungo, ana mikono baridi
na subira ya mtu anayefungua fundo la uzi.
"Inua mpaka panapouma," husema. "Kisha tulia hapo. Pasikilize."
Natambaza vidole ukutani kama tandu mzee,
naweka alama ya penseli na tarehe.
Kuna siku alama ya leo iko chini ya ile ya jana.
Wannes hasemi kitu. Huichonga penseli.

Na kazini naenda kwa tramu.
Ndiyo, hiyo hiyo. Nimeketi juu ya chuma kilichoniangusha
na nauli nimelipa.
Nafuta duara dogo kwenye ukungu wa kioo:
wenzangu wanapita, vichwa chini,
makoti ya mvua yamewafura kama maandazi,
na kila mmoja anapofika relini
mguu wangu unarudi nyuma, chini ya kiti,
kutafuta breki ya pedeli ambayo haipo.
Kata wima, nakiambia kioo. Kata wima, wewe.

Kuvunjika kwa koleo, wanasema, si mwisho wa uhunzi.
Sawa.
Ila sijasikia aliyeliuliza koleo.

Jumapili, wiki ya kumi na moja, nilishuka bandani.
Baiskeli imeegemea ukuta, usukani umepinda kidogo
kama mtu anayejifanya hakukuona.
Tope la siku ile limekauka kwenye madigadi.
Sikupanda. Msiniulize.
Niliunyoosha mkono, ule ule, mpaka panapouma,
nikatulia hapo,
na dole gumba likaikuta kengele.

Ikalia mara moja, kwa kutu.

Nje, uchochoroni, mtu aliyekuwa akipita na mifuko ya soko,
nilizisikia hatua zake,
akasogea pembeni
akasubiri.